Mteja Alikuja Dukani, Hakuja Kwako

Shangazi, nafanya kazi kaunta kwenye duka la silaha hapa Houston. Mwezi uliopita aliingia bibi mmoja mjane na bastola ya marehemu mumewe, Colt Python ya zamani, kaifunga kwenye taulo. Bosi alikuwa ametoka kula. Nikamwambia duka halinunui siku hiyo, kisha nikamlipa dola 400 zangu kule maegeshoni. Namba yake ya simu ninayo. Sasa kuna mtu ananipa 2,400. Wenzangu wanasema hayo ndiyo marupurupu ya kazi. Mbona silali?

Mwanangu, hulali kwa sababu unajua ulichofanya, na sitakubembeleza.

Kwa upande wa sheria, Texas haiwazuii wakazi wake wawili kuuziana bastola bila kupitia dukani, ilimradi hakuna kati yenu aliyekatazwa kumiliki silaha. Ila ukizoea kununua ili uuze kwa faida utahitaji leseni ya serikali kuu, na sheria ya 2022 imelibana zaidi jambo hilo. Usiwasikilize wenzako.

Bosi wako ndiye mwenye leseni, na ndiye ATF, wakaguzi wa silaha wa serikali kuu, wanayekuja kumkagua. Duka likinunua silaha, lazima iandikwe daftarini kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha: mtengenezaji, modeli, namba, na jina la aliyeileta. Yako haimo. Siku polisi wakiifuatilia namba ile, bibi atawataja ninyi, na bosi atafungua daftari asione kitu. Waungwana wa kazi hiyo huliachia duka nafasi ya kwanza. Likikataa, mfanyakazi anaomba ruhusa kwa mwenye duka, halafu anamwambia mteja waziwazi kuwa anajinunulia mwenyewe.

Lakini kinachoniuma zaidi ni yule bibi. Colt waliacha kutengeneza Python mwaka 2005, wakairudisha 2020, na zile za zamani watu wanazigombania. Wewe ulilijua hilo. Yeye alijua tu kwamba ilikuwa ya mumewe. Duka lina gharama zake, kwa hiyo huenda lingempa nusu ya bei ya kuuzia. Hata nusu hiyo ni mara tatu ya ulichompa. Na hukumpunja tu, ulimdanganya kwamba duka halinunui, ukamfungia mlango aliokuja kuubisha. Marupurupu gani hayo?

Usiiuze. Kesho fika mapema, umweleze bosi kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa wengine. Kisha mpigieni bibi pamoja, mumwambie bastola yake ina thamani gani. Akiitaka, mrudishie, naye akurudishie 400 zako; kama amekwisha kuzitumia, mpe muda. Akitaka kuiuza, duka liinunue, kwa bei atakayoikubali akiwa anaijua thamani yake.

Huenda bosi akakufukuza. Akikufukuza, mpigie bibi hivyo hivyo.