Kunyoa Ndevu Bila Kuwashwa na Vipele: Somo kwa Vikundi vyenye Kinyozi

Somo la leo limetokana na swali ambalo vijana wanaoendesha kinyozi hutuuliza mara kwa mara. Mteja anakuja, ananyolewa kwa maji na sabuni mpaka uso unateleza, anaondoka akifurahi. Baada ya siku mbili tatu anarudi shingo imejaa vipele, anawashwa, anasema ati wembe ulikuwa mchafu. Mwingine harudi kabisa. Kikundi kikipoteza wateja namna hiyo, mchango wa mzunguko nao unakwama, na wanachama wanaanza kulaumiana.

Hebu tujiulize lile swali letu la kila siku katika mafunzo: lakini kwa nini?

Uchafu unaweza kuleta shida, na tutafika huko. Lakini vipele vingi vya ndevu havianzi na uchafu. Vinaanza na namna ya kukata. Mfugaji anaelewa jambo hili haraka. Ukipitisha mkono kwenye mgongo wa mbuzi kutoka kichwani kwenda mkiani, manyoya yanalala. Ukirudisha mkono nyuma, yanasimama na kukataa. Ndevu za mtu ni vivyo hivyo, zina mlalo wake. Wembe ukifuata mlalo, unakata unywele juu ya ngozi na kubakisha kisiki kifupi. Wembe ukienda kinyume cha mlalo, hasa kama kinyozi anavuta ngozi kwa vidole, unywele unainuliwa na kukatwa chini zaidi. Ngozi ikiachiliwa, kile kisiki kinarudi ndani ya tundu lake. Hapo ndipo mteja anapojipapasa na kusema, "Leo umeninyoa kweli."

Sasa kisiki kile kinataka kukua. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, kitatoka kwa njia yake bila matata. Kwa mtu mwenye nywele za kujikunja, kinajipinda kikiwa bado ndani na ncha yake kali inachoma ukuta wa tundu. Wakati mwingine unywele unatoka nje vizuri, kisha unapinda kama ndoano na kurudi kwenye ngozi. Mwili unauona ule unywele kama mwiba. Unapigana nao, sehemu hiyo inavimba, inawasha, na mara nyingine inatunga usaha. Kumbe wembe mpya kabisa, wa kutoka kwenye karatasi yake, unaweza kuleta vipele vilevile.

Ndiyo maana wateja wawili wakinyolewa siku moja na mkono mmoja, mmoja anapona na mwingine anaumia. Vijana wetu wengi wa hapa wana nywele laini kiasi, hawasumbuki sana. Wanaosumbuka zaidi ni wale wenye nywele za kujikunja sana, na wengi wao ni walimu na askari waliotoka sehemu nyingine za Kenya, ambao kazi yao inawataka wawe wamenyoa kila wakati. Huko Marekani jeshi limepambana na shida hii kwa miaka mingi, hasa kwa askari weusi, hata madaktari wa jeshi wakawa wanawaandikia ruhusa ya kutonyoa. Kwa hiyo mwalimu akilalamika, msimwambie ana ngozi mbaya.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza kinyozi ajue mlalo wa huyu mteja aliye mbele yake. Ndevu za siku mbili zinatosha kuonyesha. Pitisha kidole mashavuni, kidevuni na shingoni. Upande ambao kidole kinateleza ndio mlalo, upande unaokwaruza ndio kinyume. Msidhani kwamba kila mahali nywele zinaelekea chini. Shingoni mara nyingi zinapanda juu au zinalala kando, na kuna watu ambao upande wa kulia unatofautiana na wa kushoto. Tunapendekeza kila mwanachama wa kinyozi ajipime mwenyewe kwanza, kisha ampime mwenzake. Ni zoezi la dakika tano, na huleta kicheko kwenye mkutano.

Pili, nywele zilainike. Unywele mkavu ni mgumu kama waya, na wembe unauvuta kabla ya kuukata. Ukilowa kwa dakika mbili au tatu unakuwa mwororo na unakatika kwa nguvu kidogo. Hapa vijana hutuambia, "Maji yenyewe yako wapi?" Ni kweli. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na 2022, wengi wetu tulikuwa tunapima maji ya kunywa kwa kikombe, nani angefikiria ndevu? Lakini kazi hii haihitaji beseni. Vikombe viwili vya maji vuguvugu vinatosha mtu mmoja. Kimoja lowesha kitambaa safi, kikamue, kiweke usoni kwa zile dakika mbili. Kingine ni cha kutengeneza povu na kusuuzia wembe. Maji ya silanga yaachwe usiku mzima yatulie, yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe. Tope likibaki kwenye maji linakwaruza ngozi pamoja na wembe. Na yale maji yenye chumvi ya visima vingine hayatoi povu vizuri, basi hapo ongeza sabuni na uvumilivu.

Povu lisambazwe kwa brashi au kwa vidole mpaka lisimame. Kazi yake ni kuufanya wembe uteleze. Palipokauka, pakaeni povu tena, msipitishe wembe kwenye ngozi kavu. Akina mama hapa wana qasil, ule unga wa majani ya mkunazi wanaooshea uso na nywele. Ukikorogwa na maji unatoa povu kidogo na unateleza, basi siku sabuni imekwisha si vibaya kuujaribu.

Tatu, kukata. Wembe uwe mkali na mkono uwe mwepesi. Kinyozi anayekandamiza anajaribu kufanya kazi ya wembe butu kwa nguvu za mkono, na ngozi ndiyo inalipa. Fuata mlalo, kwa mikato mifupi, ukisuuza wembe kila baada ya mikato miwili mitatu. Usivute ngozi kwa nguvu. Usirudie mahali pamoja mara tano. Mteja akitaka zaidi, paka povu upya na ukate kwa kukingama, yaani kutoka kando. Kwa watu wengi hapo panatosha.

Na kunyoa kinyume je? Mtu mwenye nywele zilizonyooka, ambaye hajawahi kupata vipele, anaweza kunyolewa kinyume mara moja mwishoni, kwa povu jipya na mkono mwepesi, na shingo iachwe. Mwenye nywele za kujikunja, au aliyewahi kupata vipele, asinyolewe kinyume hata akiomba. Tunajua Idd na arusi zinakuja na kila mmoja anataka uso kama kioo. Mwambieni ukweli: uso kama kioo leo, vipele keshokutwa. Kwake yeye bora mashine ya kunyolea inayobakisha unywele wa kama milimita moja. Anaonekana nadhifu, na unywele hauwezi kuzama. Tunaona kinyozi anayekataa kazi moja namna hiyo anajijengea jina zuri kuliko anayekubali kila kitu.

Kisogo nacho kina habari yake. Ule mtindo wa kuchonga mstari kwa wembe chini ya nywele za nyuma huwaletea wengine vinundu vigumu ambavyo haviishi, vinakuwa makovu yaliyovimba. Mkiona vinundu kisogoni kwa mteja, wembe usifike hapo tena.

Baada ya kunyoa, suuza kwa maji safi ya baridi, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta kidogo yasiyo na manukato. Spiriti ya kuchoma usoni wengi wanaipenda kwa sababu wanadhani kuungua ni dalili ya dawa kufanya kazi, lakini inakausha ngozi ambayo tayari imekwaruzwa. Wazee wanaopaka hina kwenye ndevu wasubiri siku kadhaa, na ile rangi nyeusi ya dukani, piko, isiguse kabisa ngozi iliyotoka kunyolewa. Inaweza kuibabua vibaya.

Sasa tufike kwenye uchafu, maana hapa si habari ya kuwashwa tu. Ngozi iliyonyolewa ina michubuko ambayo jicho halioni, na wembe unabeba damu ambayo jicho halioni. Homa ya ini aina ya B inapita kwa damu kidogo sana, na virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Wengi walio nayo hawajui, wanajiona wazima, mpaka ini linaharibika baada ya miaka mingi. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo yake mwishoni mwa 2001 pamoja na chanjo zao nyingine, kwa hiyo wengi wa umri mkubwa hawana kinga hiyo. Virusi vya Ukimwi hufa mapema zaidi nje ya mwili, lakini damu mbichi kwenye wembe bado ni hatari.

Kwa hiyo wembe mmoja, mtu mmoja, kisha unatupwa. Kuupitisha kwenye moto wa kibiriti au kuupangusa kwa kitambaa cha spiriti hakutoshi. Mara nyingi bei ya wembe haifiki bei ya kikombe cha chai, basi iingizwe kwenye bei ya kunyoa na mteja aone karatasi ikifunguliwa mbele yake. Kishikio cha wembe kioshwe kwa sabuni, kiloweke dakika kumi kwenye dawa ya klorini, ile watu huita jiki, kisha kisuuzwe kisishike kutu. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji, upya kila siku. Mashine nayo isafishwe kwa kila mtu, maana ndiyo hubeba mashilingi kutoka kichwa hadi kichwa.

Akina mama, hili linawahusu pia. Siku ya saba mtoto anaponyolewa nywele, mara nyingi wembe unaazimwa kwa jirani au unatumika kwa watoto wawili wa nyumba moja. Mtoto mchanga akipata homa ya ini aina ya B, hatari ya kubaki nayo maisha yote ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Wembe wake uwe mpya, kichwa kiloweshwe vizuri, na mkono ufuate mlalo, taratibu zaidi pale utosini palipo laini. Nao wanaojinyoa makwapa na sehemu za siri watumie njia hiyohiyo ya kulowesha, povu na kufuata mlalo, kila mtu na wembe wake.

Aliye na vipele tayari aache kunyoa kabisa kwa wiki nne hivi. Wiki ya kwanza anaweza kuona vimezidi, asikate tamaa, nywele zinatafuta njia ya kutoka. Kitambaa cha maji vuguvugu asubuhi na jioni kinasaidia. Unywele uliojikunja ukionekana, uinuliwe ncha kwa sindano iliyochemshwa, using'olewe, maana ukiota tena utachoma upya. Krimu kali za steroidi zinazouzwa dukani bila daktari zinatuliza kwa siku chache, halafu zinaifanya ngozi kuwa nyembamba. Uso ukivimba na kuwa moto, usaha ukienea, au homa ikipanda, twende kituo cha afya siku hiyohiyo. Tukiwa huko, tuulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini kwa watu wazima, kwanza kwa wale wanaoshika wembe kila siku.

Jambo la mwisho ni nyembe zilizotumika. Chukueni mkebe wa maziwa ya unga, tobozeni kifuniko tundu jembamba la kupitisha wembe, na ukijaa utupwe kwenye shimo la choo. Zikiachwa nyuma ya kinyozi, wanaozipata kwanza ni watoto wasio na viatu, na mbuzi.