Kugawa au Kushirikisha? Kitenzi Kimoja katika Somo la Programu

Muhula uliopita niliandika kwa Kiswahili maelezo mafupi ya libcurl, maktaba ya programu inayotumika kuchukua data mtandaoni. Tulikuwa tukikusanya maandishi kwa utafiti wa msamiati. Katika maktaba hiyo, mawasiliano huendeshwa kwa kitu nilichokiita mpini. Kwa kawaida kila mpini hutunza vyake: vidakuzi uliopewa na seva, na anwani za seva ambazo umekwisha kuzitafuta. Mipini kadhaa ikitakiwa kuvitumia kwa pamoja, programu huunda chombo kwa curl_share_init, hutaja aina ya data itakayowekwa humo, kisha huunganisha kila mpini nacho kwa CURLOPT_SHARE.

Niliandika hivi: "Chombo hiki hugawa vidakuzi kwa mipini." Mwenzangu alifuata maneno yangu. Aliunganisha mipini minne, kisha papo hapo akajaribu kukifuta chombo kwa curl_share_cleanup. Maktaba ilikataa na kumrudishia CURLSHE_IN_USE, yaani bado kinatumika. Akaniuliza, "Si kimekwisha kugawa?" Kosa lilikuwa langu.

Kifaransa tunachosomea kina partager kwa maana zote mbili. Kiswahili huzitenganisha. Ndugu wakigawana shamba la baba, kila mmoja huondoka na kipande chake. Wakishiriki kisima, hakuna anayeondoka na kipande; kisima kikifukiwa, wote hukosa maji.

Tukisema shirikisha, kanuni mbili hueleweka. Kwanza, chombo hufutwa mwisho, baada ya mipini yote kuachana nacho. Pili, nyuzi mbili za programu zikigusa kidakuzi kilekile kwa wakati mmoja, pahitajika kufuli. libcurl haina kufuli lake kwa kazi hiyo. Huita vifungu vya kufunga na kufungua alivyoviandika mtunga programu. Kilichogawanywa hakingehitaji kufuli, kwa kuwa kila mmoja ana chake.

Hata sarufi hubadilika. Yambwa ya gawa ni kitu kinachokatwa. Yambwa ya shirikisha, kwa kiambishi chake cha kusababisha, ni washiriki. Nimesahihisha: "Chombo hiki huishirikisha mipini katika vidakuzi." Kabla ya kutafsiri partager, sasa hujiuliza kwanza: je, kitu chenyewe kinabaki kizima?