MADA NA DHAMIRA: FUNZO NILILOPATA KATIKA SHEREHE YA LESO

Ndugu msomaji, kila mwaka katika jarida hili huwa kuna makala ya kutukumbusha jambo moja la sarufi au fasihi. Mwaka huu nimepewa zamu mimi. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya ngeli, lakini likizo ya Agosti ilinifunza jambo jingine ambalo, kusema kweli, darasani nilikuwa nikilikariri tu bila kulielewa. Jambo lenyewe ni tofauti baina ya mada na dhamira. Na mwalimu wangu hakuwa kitabu, bali leso moja niliyoinunua kwa haraka.

Kisa chenyewe kinamhusu rafiki yangu wa chanda na pete, ambaye tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe ameniomba nisilitaje. Ruhusa ya kuandika amenipa. Muhula wa pili alipata ujauzito akaacha shule. Sina haja ya kueleza zaidi, maana wengi wenu mliyasikia, na wengine mliyasema.

Basi sisi marafiki zake wanane tukaazimia kumfanyia ile sherehe ambayo watu wa mjini huiita "bebi shawa".

Jina la sherehe

Sherehe hii haikuanzia kwetu. Kwa namna tunayoijua leo, ilienea sana huko Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945. Jina lake lina maana ya manyunyu ya mvua, yaani mama anayetarajia mtoto ananyeshewa zawadi. Sasa sisi kama wanachama wa Chama cha Kiswahili tukaona ni aibu kukosa jina letu. Mmoja wetu akapendekeza "Manyunyu ya Mtoto". Aki tulicheka mpaka machozi yakatutoka! Atakayesikia si atadhani mtoto amemkojolea mtu? Hapa pana funzo la kwanza: tafsiri ya neno kwa neno humpoteza msomaji. Tafuta kwanza jambo linafanya kazi gani, ndipo ulipe jina.

Aliyetusaidia kupata jina ni bibi yake rafiki yangu, bila yeye kujua. Huku kwetu Mombasa sherehe za mtoto aghalabu huja baada ya kuzaliwa. Waislamu hufanya akika, mara nyingi siku ya saba, na mzazi hutunzwa nyumbani mpaka arobaini ipite. Kwa hivyo bibi alipotusikia akatuuliza, "Mtoto hajaja bado. Sasa mwamshangilia nani?"

Tukatazamana. Halafu mwenzetu mmoja akajibu, "Bibi, twataka kuwa na mamake."

"Kama ni mamake, haya, njooni," akasema.

Hivyo tukaiita Sherehe ya Mama Mtarajiwa. Swali la bibi ndilo lililotupatia dhamira. Katika fasihi tunaambiwa kwamba mada ni kile kinachozungumziwa, na dhamira ni kusudi la mwandishi, lile analotaka limfikie msomaji na kukaa moyoni mwake. Waandishi wawili wanaweza kuchukua mada moja, wakawa na dhamira mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Sherehe nayo ni vivyo hivyo. Ukimuuliza mtu dhamira ya sherehe yake akakujibu "rangi ya waridi", jua kwamba bado hajaanza kupanga.

Dhamira yetu ilikuwa hii: mwenzetu ajue kwamba shuleni anangojewa.

Mada yetu ilikuwa leso

Sababu ya kuchagua leso ni kwamba hakuna kitu kinachomfaa mama na mtoto kama leso. Mtoto hupokelewa kwa leso, hufunikwa kwa leso, na hubebwa mgongoni kwa leso, ambayo hapo huitwa mbeleko. Ikichakaa hukatwa nepi. Aidha, leso ni kitu cha Kiswahili hasa. Neno lenyewe limetokana na Kireno, lenye maana ya kitambaa cha mkono, na inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakishona vitambaa sita pamoja kupata vazi moja. Jina la pili, kanga, latokana na yule ndege mwenye madoadoa. Hapa Mombasa kuna duka katika barabara ya Biashara, lile la chapa ya Mali ya Abdulla, ambalo historia yake yaanzia mwaka 1887.

Leso ina sehemu tatu ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuzijua:

1. Pindo: mapambo yanayozunguka ukingo wote.
2. Mji: sehemu ya katikati yenye picha au nakshi.
3. Jina: maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, siku hizi ni kwa hati za Kirumi.

Leso huuzwa jozi, yaani mbili zilizo sawa, kisha mnunuzi huzikata na kuzipinda. Hapo ndipo tulipopata ubunifu wetu. Tuliamua kwamba kila wasichana wawili wanunue jozi moja. Leso moja apewe mama mtarajiwa, na pacha wake abaki nasi shuleni. Siku atakayorudi darasani, jozi zitakutanishwa. Jozi moja iligharimu shilingi 600, kwa hivyo kila mmoja wetu alitoa shilingi 300. Chakula kilipikwa kwa mchango wa akina mama: mahamri, mbaazi za nazi, viazi karai, kaimati na sharubati ya ukwaju. Mapambo hatukununua hata moja. Tuliazima leso za majirani tukazitundika ukutani.

Siku yenyewe

Tulianza kwa vitendawili. Aliyetega cha kwanza alisema, "Nyumba yangu haina mlango," na wote wakapiga kelele, "Yai!" Rafiki yangu akajishika tumbo, akasema, "Na hii je?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mei.

Kisha tukaingia mchezo mkuu. Kila jozi ilifunguliwa mbele ya wageni, jina likasomwa kwa sauti, na mama mtarajiwa akaeleza maana yake. Jozi ya kwanza ilisema NANI KAMA MAMA. Ya pili ilisema SUBIRA YAVUTA HERI. Ya tatu ilisema KUZAA SI KAZI, KAZI NI KULEA, na akina mama wakapiga vigelegele, maana hayo wanayajua wao.

Ya nne ilikuwa yangu. Mwenzangu niliyeshirikiana naye alikuwa mgonjwa, hivyo nilikwenda dukani peke yangu, Ijumaa jioni, mwenye duka akifunga. Leso ilikuwa imekunjwa vizuri, na neno lililoonekana ni moja tu: MJUKUU. Nikafurahi. Nikajiambia, bibi anapata kitukuu, mama anapata mjukuu, leso gani itafaa kushinda hii? Nikalipa, nikaenda zangu. Nyumbani niliikabidhi kwa dada yangu aikate na kuipinda, akairudisha imefungwa kwa karatasi.

"Hebu isome, mwanangu," bibi akasema. "Macho yangu hayaoni vizuri."

Nikaikunjua. Nikasoma kabla akili haijatangulia ulimi: "Majuto ni mjukuu."

Ndugu msomaji, ningalipata shimo ningalijifukia. Kimya kilichofuata sijapata kukisikia maishani. Methali hii sote twaijua. Maana yake ni kwamba majuto huja baadaye, kama vile mjukuu anavyokuja baada ya mtoto. Anayeambiwa maneno haya ni mtu aliyekosea akiwa ameonywa. Na mimi nimempelekea nani? Msichana wa shule, mjamzito, mbele ya mamake. Mama aliinuka akaenda jikoni. Rafiki yangu alitazama sakafu. Alitakiwa aeleze maana ya jina, kama alivyoeleza yale mengine matatu.

Nilianza kuomba msamaha, maneno yakanikwama. Aliyesema ni bibi.

"Majuto ni mjukuu," alirudia taratibu. Kisha akamshika mkono rafiki yangu. "Mjukuu wangu ni huyu hapa. Sijamjutia hata siku moja."

Sikuwa na jibu, wala hakuna aliyekuwa nalo. Rafiki yangu alilia, mama akarudi kutoka jikoni, nasi tukalia pia. Baada ya muda mtu akaleta kaimati na mazungumzo yakarudi polepole.

Ningeweza kuikomesha hadithi hapa, mkanisifu kwamba mambo yaliisha vyema. Lakini wiki iliyofuata nilikwenda kumwona, nikamwuliza bila kuzunguka. Akanijibu, "Iliniuma. Neno hilo hilo niliambiwa na mtu siku niliyokuja kuchukua vitabu vyangu. Nikadhani na wewe pia." Tukaenda dukani pamoja, nikanunua jozi nyingine, akachagua mwenyewe: MUNGU HAMTUPI MJA WAKE. Ile ya kwanza ninayo mimi, zote mbili.

Tujifunze nini?

Kwanza, mada nzuri haitoshi. Leso yangu ilikuwa ya mada kabisa. Ilikuwa na pindo zuri, mji mzuri, hata neno lenyewe lilihusu ukoo. Lakini dhamira yake ilikuwa kinyume na ya sherehe nzima. Ndivyo zilivyo insha zetu nyingi. Twaambiwa tuandike juu ya mada fulani, twajaza methali na tamathali, halafu methali moja tuliyoitia kwa pambo tu inabomoa tulichojenga. Kabla hujatumia methali jiulize: husemwa na nani, kwa nani, na wakati gani? Methali haina maana peke yake kama jiwe lililolala njiani. Maana yake huja inapomfikia mtu.

Pili, kuna tasfida, yaani lugha ya adabu inayofunika jambo zito. Kiswahili kina hazina kubwa katika jambo hili. Twasema mjamzito au mama mtarajiwa. Twasema amejifungua. Mtoto wa kwanza twamwita kifungua mimba, na wa mwisho kitinda mimba. Sasa linganisha na maneno yanayosikika katika veranda zetu: "amepachikwa", "ameharibika". Kwani kilichoharibika ni nini? Maziwa huharibika. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu darasani katika hisabati hajaharibika.

Labda utaniambia, "Huku si ni kushangilia makosa?" Swali hilo tuliulizwa sana, nami sitalidharau. Hakuna aliyetoka katika sherehe ile akitamani kupita njia aliyopita mwenzetu. Yeye mwenyewe alitusimulia juu ya kutapika alfajiri, upweke, na kuhesabu siku za mitihani akiwa nyumbani. Lakini tangu mwaka 1994 sera ya elimu ya nchi yetu imemruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa kitaifa wa kuwarejesha wanafunzi kama yeye. Serikali imeshafungua mlango. Lakini mlango ukiwa wazi na ndani wanakucheka, utaingia kweli?

Mtoto alizaliwa salama salimini. Ni msichana, na ameshabebwa katika leso zote nne. Zile pacha nne ziko katika kabati la chama, alizihifadhi mwalimu mlezi wetu. Ninapoandika haya rafiki yangu hajarudi. Amesema atarudi mwaka ujao, mamake akiweza kubaki na mtoto. Atakuja katika darasa la wenzetu wa nyuma, ambao wengi wao hamumjui. Ninyi ndio ninaowaandikia hasa. Siku atakapoingia langoni, kila mmoja wenu atakuwa na neno la kumwambia. Likunjueni kwanza, mlisome lote, ndipo mlitoe.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mada na dhamira, ukitoa mfano kutoka hadithi yoyote uliyoisoma.
2. Taja sehemu tatu za leso.
3. Toa tasfida za maneno haya: (a) kuzaa (b) mwenye mimba (c) kufa.
4. Chagua methali moja inayofaa kuwa jina la leso ya kumpa (a) mwanafunzi aliyefeli mtihani (b) mwalimu anayestaafu. Eleza ni kwa nini haitamuumiza.