Hazina, kificho au mkebe? Somo la tafsiri kutoka matembezi ya GPS

Mwaka jana, katika somo la tafsiri ya kiufundi, tuligawanywa katika makundi. Kila kundi liliagizwa kuchagua shughuli moja ambayo bado haina msamiati uliozoeleka katika Kiswahili, kuandika maelezo yake, kisha kuifanya kwa kufuata maelezo hayo tu, bila kukimbilia Kifaransa. Mkufunzi wetu alisema hatashika kalamu nyekundu; shughuli yenyewe ndiyo itakayotusahihisha. Kundi letu la watu sita lilichagua jeokashi, yaani mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa msaada wa kifaa cha GPS. Ninaandika jinsi tulivyojiandaa na vifaa tulivyochagua, lakini hasa ninataka kueleza maneno mawili, hazina na nukta, yaliyotupeleka mahali ambapo hatukutaka kufika.

Kwanza mchezo wenyewe. Hadi mwanzo wa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hivi kwamba kifaa kiliweza kukosea mahali ulipo kwa umbali wa hadi mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, nao ukakoma usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei. Kesho yake, tarehe 3, Dave Ulmer alipeleka ndoo nyeusi ya plastiki porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaificha, kisha akawatangazia wapenzi wenzake wa GPS namba za mahali pale. Ndani yake mlikuwa na vitabu, programu za kompyuta, fedha kidogo, manati na kopo la maharage. Sharti lilikuwa jepesi: ukichukua kitu, acha kitu, na uandike katika daftari kwamba umefika. Siku chache baadaye Mike Teague aliipata.

Kwa sisi watu wa kitivo cha lugha, kinachofuata ni kitamu zaidi. Ulmer alikuwa ameuita mchezo wake kwa neno la Kiingereza "stash", ambalo kwa Wamarekani wengi huleta picha ya dawa za kulevya zilizofichwa. Mwezi huohuo Matt Stum akapendekeza jina jingine, "geocaching". Sehemu ya kwanza ni ya Kigiriki, maana yake dunia. Ya pili ni "cache", neno ambalo Kiingereza kililipata kwa wawindaji wa Kifaransa wa Amerika ya Kaskazini, waliokuwa wakificha vyakula na ngozi njiani ili wavichukue wakirudi. Kwa hiyo neno lilitoka katika Kifaransa, likakaa katika Kiingereza, kisha likarudi kwa Wafaransa likiwa limevaa nguo nyingine. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba hata wenye mchezo walikwama kwanza kwenye jina. Sisi hatukulitilia maanani. Tulidhani kazi ngumu itakuwa setilaiti.

Setilaiti kumbe hazikutusumbua. Tuliandika kwamba ziko juu ya dunia kwa kilomita 20,200 hivi, kwamba kila moja hutuma saa yake, na kwamba kifaa hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani. Kinahitaji kuzisikia nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kurekebisha saa yake chenyewe, kwa kuwa saa ya kifaa cha mkononi ni duni sana ikilinganishwa na saa za angani. Hapo msamiati ulitosha.

Kuhusu vifaa, tulikuwa na simu tatu na mashine moja ndogo ya mkononi, Garmin eTrex 10, tuliyoazimwa na yaya wa mwenzetu mmoja ambaye ni mtu wa kilimo. Kabla ya kutoka tulivipima vyote. Tulivisimamisha pamoja mahali pamoja, chini ya anga wazi, na kuandika namba kila baada ya dakika kumi. Halafu tukarudia chini ya miti na kando ya ukuta wa ghorofa. Mahali palipo wazi, simu nzuri haikuachwa nyuma na mashine. Karibu na ukuta zote zilichanganyikiwa, maana mawimbi hugonga ukuta kabla ya kufika, na kifaa hudhani yametoka mbali zaidi. Mashine ilitushinda kwa jambo jingine: inatumia betri mbili za kawaida zinazouzwa katika kila duka, na hukaa saa 20 na zaidi. Simu iliyowashwa kioo mchana kutwa haifiki jioni, na mjini kwetu kila mtu anajua umeme ulivyo.

Hata hivyo, kama unaanza, sikushauri ununue mashine. Simu uliyo nayo inatosha. Wengi huamini kwamba GPS ya simu hula vocha. Si kweli, simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti, haitumi chochote. Kinacholiwa ni vocha ya kupakua ramani, na ramani unaweza kuipakua usiku kabla ya safari kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps. Ukishaipakua, hata pasipo mtandao utajiona ukitembea juu yake. Nunua betri ya akiba badala ya mashine. Na ukiwa na mashine, mfundishe kila mmoja kuitumia, maana kwetu aliyeijua alikuwa mmoja, naye hakuwa katika kundi lililopotea.

Chombo cha kuficha kilitutaka tufikiri zaidi. Huko Marekani wachezaji wengi hupenda masanduku ya chuma ya risasi, yanayouzwa hadharani baada ya jeshi kuyatumia, kwa sababu hayaingizi maji. Tuliposoma hivyo tulitazamana tu. Katika nchi yetu, mtu akikuta sanduku la risasi chini ya mti hatafungua kutafuta daftari. Hata Ulaya jambo hili limeleta taabu: mwaka 2011, huko Wetherby, Uingereza, wataalamu wa mabomu walilipua kiboksi kilichokuwa cha mchezo huu. Sisi tulichukua mkebe wa plastiki unaoonyesha vilivyo ndani, tukaandika nje kwa herufi kubwa kwamba ni zoezi la wanafunzi, pamoja na jina la somo. Hatukuchimba shimo. Mchezo wenyewe unakataza kufukia, na kila mahali pa kuficha lazima mwenye ardhi akubali. Tulikwenda kwanza kwa walinzi wa eneo la chuo, tukawaonyesha mkebe, tukawaeleza. Walicheka, wakakubali.

Sasa kosa, na kosa ni langu. Watatu kati yetu tuliuficha mkebe penye kichuguu kimoja kikubwa, vile virefu mnavyovijua vya huku Katanga. Mashine ilituonyesha nyuzi 11 kusini na dakika 36.480, kisha nyuzi 27 mashariki na dakika 28.350. Huu ndio uandishi wa kawaida wa jeokashi: nyuzi, halafu dakika zenye desimali tatu. Niliwapigia simu wenzetu watatu waliokuwa wakingoja na kuwasomea. Kwa Kifaransa ningesema "virgule" na yote yangekwisha hapo. Lakini Kifaransa kilikatazwa. Nikasema: dakika thelathini na sita nukta arobaini na nane. Sifuri ya mwisho niliiacha, maana katika hesabu haina kazi. Kisha: dakika ishirini na nane nukta thelathini na tano.

Fungueni kamusi ya Kiswahili penye nukta. Ni alama ndogo ya kalamu, ni kituo cha sentensi, ni alama ya desimali. Lakini pia ni sehemu ya sitini ya dakika, ile ambayo wengi leo huiita sekunde. Dada aliyekuwa akiandika upande wa pili alijifunza Kiswahili kwa babu yake, mwalimu wa zamani, na kwake dakika ikifuatwa na nukta ni saa tu. Akaandika dakika 36 na sekunde 48, dakika 28 na sekunde 35. Hakukosea lugha. Mimi pia sikukosea lugha. Tulitumia neno moja sahihi kwa maana mbili sahihi.

Pigeni hesabu pamoja nami, kwa sababu zoezi hili ninalipendekeza darasani. Sekunde 48 ni 0.800 ya dakika, si 0.480. Tofauti ni 0.320. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852 hivi, basi wenzetu walisogea mita 593 kusini. Upande wa mashariki, sekunde 35 ni 0.583, tofauti na 0.350 ni 0.233, katika latitudo yetu dakika moja ya longitudo ni mita 1,814 hivi, kwa hiyo walisogea mita 423. Ukiziunganisha kwa pembe mraba, ni karibu mita 730 kutoka kwenye kichuguu. Walifika penye uzio wa kiwanja cha kampuni moja, wakaanza kuuzunguka huku macho yakiwa kwenye simu.

Mlinzi aliwaita, akawauliza: "Munatafuta nini?" Mmoja wao alijibu kwa heshima, kama maelezo yetu yalivyoandikwa: "Tunatafuta hazina, papa."

Neno hazina tulilichagua sisi wote sita, tena kwa fahari. Ni zuri. Linatoka katika Kiarabu, penye mzizi wa kuweka ghalani. Mzizi huohuo ndio uliowapa Wafaransa neno "magasin". Huko Tanzania Hazina ni mahali pa fedha za serikali. Lakini huku kwetu watu wengi wamelisikia kanisani, katika mfano wa mtu aliyekuta hazina imefichwa shambani, akauza vyote alivyokuwa navyo alinunue shamba lile. Mlinzi alilielewa hivyo hasa. Weka neno hilo Katanga, karibu na uzio, midomoni mwa vijana wenye kifaa kinachoonyesha namba za mahali, na anayesikia atajibu mara moja: mawe. Aliuliza nani amewatuma kupima, na madini gani. Kila walivyozidi kueleza kwamba hazina imefichwa na wenzao, ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika.

Walikalishwa pale saa mbili. Simu zilichukuliwa, kwa hiyo sisi tuliokuwa penye kichuguu tulipiga na kupiga bila kujibiwa, nikaanza kuogopa kweli. Aliyewatoa ni yule dada wa nukta. Alimwambia mlinzi kwa maneno ya nyumbani kwamba ni mchezo wa masomo, kwamba wanatafuta mukebe, ndani ya mukebe kuna daftari, na kwamba papa anaweza kumpigia simu mkufunzi wao. Alitoa kadi yake ya mwanafunzi. Mkufunzi alipigiwa, akaeleza, wakaachiwa. Mkebe, daftari, mwalimu: hakuna hata neno moja kati ya hayo tulilokuwa tumelitumia katika ukurasa wa kwanza wa tafsiri yetu.

Tulipokaa kusahihisha, wengine walitaka kificho badala ya hazina. Kwa mofolojia ni neno safi, limetokana na kitenzi ficha, na linakaribia sana "cache" ya wale wawindaji. Mimi nililipinga. Kufanya jambo kwa kificho ni kulifanya usitake lijulikane, na ndugu yake maficho tunamsikia kila siku katika habari za redio zinapotajwa ngome za waasi. Tungetoka kwenye madini tukaingia kwenye vita. Tukaandika "mkebe wa mchezo". Mkufunzi alisema halina uzuri wowote. Ni kweli, lakini mlinzi hataliulizia swali la pili.

Nukta tumeiondoa kabisa katika namba za mahali. Sasa tunasema desimali, na tarakimu tatu husomwa moja moja, sifuri ikiwemo: desimali nne, nane, sifuri. Anayeandika huzisoma tena kwa sauti kabla simu haijakatwa. Jambo la pili ni kwamba kila kundi hutazama ramani kabla ya kuondoka na kusema litapita karibu na nini: barabara gani, shule gani, uzio gani. Wenzetu wangetazama, wangeuona ule uzio tangu walipokuwa bado wamekaa. Jambo la tatu, tunaacha kwa mtu asiyetoka nasi karatasi yenye namba za mahali, majina na saa ya kurudi.

Wiki tatu baadaye tulitoka tena, tukabadilishana makundi. Mimi nilikuwa mtafutaji. Mashine ilinifikisha hatua nne kutoka penye mkebe kisha ikaanza kuyumba, kama kawaida yake chini ya majani. Hapo unaiweka mfukoni na kutumia macho. Daftari lilikuwa limelowa pembeni kwa sababu kifuniko hakikufungwa vizuri. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ametutangulia mlinzi mmoja wa chuo. Aliandika tarehe, na chini yake kwa Kiswahili cha Lubumbashi kwamba amekuja kuona kama mukebe ungali pale.

Sasa tunabishana kuhusu kitenzi. Mtu anayecheza jeokashi anafanya nini: anawinda, anatafuta, anafukuzia? Kutafuta tumeshaona kunavyosikika karibu na uzio. Mwenye pendekezo alilete katika kikao cha kundi letu, Alhamisi baada ya somo la fonolojia.