Pikipiki ya Kikundi: Fundi Atengeneze Nini, na Tununue Nini?

Tangu Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zimejaa vijijini kwetu Kajiado. Asubuhi inabeba maziwa kwenda Kitengela, mchana inabeba maji. Lakini kiwandani iliundwa kubeba watu wawili. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, bila kumhesabu dereva, na ile keria ndogo haiwezi. Basi tunaenda kwa fundi wa jua kali.

Bei ya fundi ni nafuu, ila si kila kitu apewe yeye. Jiulizeni hivi: kikivunjika kwenye barabara ya Namanga, lori likiwa nyuma yangu, nitapoteza nini? Keria ikilegea, mara nyingi ni maziwa yamemwagika. Breki au ekseli ikikatika, ni mtu. Kwa hiyo keria, stendi na gadi ya miguu, fundi atengeneze. Hata mpira wa habu wengi huukata kutoka tairi kuukuu. Breki, ekseli, spoki na cheni, nunueni mpya, hata ikiwa ni kupanda matatu hadi Kirinyaga Road, Nairobi, pale ambapo wazee bado wanapaita Grogan.

Bushi ya stendi ikilika, fundi wa kukereza anaweza kuwatolea nyingine. Msimpe ile iliyolika peke yake, maana ataiga na ulikaji wake! Mpeni pia pini inayoingia ndani, apime hiyo.

Sasa keria. Mwambieni aifunge kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, asiichomelee kwenye fremu. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma, na fremu ikipasuka hamna pikipiki. Kwenye kona za keria aweke vipande vya pembetatu, kwa sababu nyufa huanzia hapo barabara ikiwa ya mawe. Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, sio kuning'inia nyuma yake. Ukining'inia, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani haushiki, hasa mkipanda mlima.

Ikiwa lazima achomelee karibu na pikipiki, tangi litolewe na kuwekwa mbali. Tangi lililo tupu pia ni hatari, mvuke wa petroli hulipuka. Waya za betri nazo zifunguliwe.

Halafu rangi. Mimi niliwahi kulipa keria kwa kupenda weusi wake unaong'aa. Wiki ya pili ilikatika, na chini ya rangi chuma kilikuwa kimegusana tu, hakikushikana. Siku hizi nakagua kabla ya rangi: nagonga kwa nyundo, nafunga mzigo, naenda kilomita chache, narudi kuangalia nyufa.

Kuhusu pesa, ulizeni bei kwa mafundi watatu, kila mmoja akipewa vipimo vile vile. Lipeni kwanza pesa ya chuma tu. Ufundi mlipe baada ya kujaribu, na mweka hazina aandike.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Pikipiki yetu inabeba kilo ngapi, na kitabu chake kinaruhusu ngapi?
2. Ni kitu gani juu yake kilitengenezwa na fundi ambacho kingefaa kununuliwa?
3. Nani atakagua keria kila Jumamosi?