Mafua kwa Mgonjwa wa Sukari

Siku ya kliniki ya sukari na presha tumeanza kuwauliza wagonjwa wetu kama wamewahi kupata chanjo ya mafua. Wengi hucheka. "Nesi, mafua nayo yana chanjo?" Mzee mmoja alitujibu kwamba chanjo yake ni tangawizi na limau. Hatumlaumu, kwani miaka mingi nasi hatukuuliza. Tulipima presha, tukatazama miguu, tukaandika dawa, tukaita anayefuata.

Makamasi ya kawaida hupita. Homa ya mafua makali ni kitu kingine: humwangusha mtu kwa siku moja, kwa homa, maumivu ya mwili na kikohozi kikavu. Kijana mwenye afya hupona kwa wiki moja hivi. Lakini mwenye pumu hubanwa kifua, mwenye kisukari sukari hupanda, na nimonia hufuata kwa urahisi. Moyo nao huumia. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba katika siku 7 za mwanzo baada ya mafua hayo kuthibitishwa, hatari ya shambulio la moyo huongezeka kama mara 6.

Tulimpokea mama mmoja mwenye kisukari. Alipopata homa alikosa hamu ya kula, akaacha insulini, akidhani asiyekula hahitaji sindano. Siku ya nne aliletwa kwa pikipiki, anahema kwa nguvu, sukari imepanda hata kipimo kikashindwa kuisoma. Alipona, lakini kwa shida. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwonya.

Chanjo hii huchomwa begani kila mwaka, maana virusi vya mafua hubadilika. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Sindano hiyo haina virusi hai, hivyo haiwezi kukuletea mafua. Bega litauma na pengine utapata homa kidogo siku moja au mbili. Haizuii kila mafua, ila hupunguza hatari ya kuzidiwa.

Tatizo ni kuipata. Haimo katika chanjo za bure za watoto, nasi vijijini mara nyingi hatunayo. Ukienda mjini, ulizia katika hospitali kubwa, na uhakikishe imetunzwa kwenye friji. Hatukuambii uuze mbuzi. Lakini mwenye mtoto anayefanya kazi mjini, na akuulize safari hii kama unataka kitenge au sindano!

Kama hukuipata, basi ukishikwa na homa njoo upimwe malaria kwanza. Usiache insulini, pima sukari mara nyingi zaidi, kunywa maji. Mwenye presha asinunue dawa za mafua dukani bila kuuliza, maana baadhi yake hupandisha presha. Ukihema kwa shida, ukitapika mfululizo au ukichanganyikiwa, usingoje siku ya kliniki. Njoo hata usiku, na daftari lako mkononi.