"Kuvuka Rubicon": Maana ya Nahau na Tatizo la Kuitafsiri

Katika Kiingereza, mtu aliyechukua hatua isiyoweza kubatilishwa husemwa kuwa amevuka Rubicon. Aghalabu nahau hii hufasiriwa kana kwamba ni mabadiliko makubwa ya aina yoyote, ilhali maana yake ni finyu zaidi.

Rubicon ni mto mdogo wa kaskazini mwa Italia. Enzi za Jamhuri ya Roma ulikuwa mpaka kati ya Italia na jimbo la Galia lililotawaliwa na Julius Caesar. Kamanda aliyeuvuka na jeshi lake bila idhini alihesabiwa mhaini. Januari mwaka wa 49 K.K., Caesar aliuvuka, na vita dhidi ya Pompey na Seneti vikaanza. Kiini cha nahau, basi, si ukubwa wa tendo bali ni kujifungia mlango wa kurudi, tena kwa kujua.

Kiini hicho kikikosekana, nahau huwa ganda tupu. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Durban, Rais P. W. Botha wa Afrika Kusini alitarajiwa kutangaza mageuzi makubwa. Alitamka kwamba nchi yake ilikuwa ikivuka Rubicon, lakini hakumwachilia Nelson Mandela wala hakukubali utawala wa walio wengi. Thamani ya randi iliporomoka. Hotuba hiyo ingali inaitwa ya Rubicon, ingawa mto wenyewe ulivukwa tarehe 2 Februari 1990, F. W. de Klerk alipotangaza Bungeni kuondolewa kwa marufuku dhidi ya ANC. Siku tisa baadaye Mandela alikuwa huru.

Je, Kiswahili kina kisawe? Methali "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga" inakaribia mno, kwani nayo inahusu aliyejifunga kwa tendo lake mwenyewe. Tofauti ni kwamba mwogaji hushurutishwa na alichokianza, Caesar na sheria aliyoivunja. "Maji yakimwagika hayazoleki" ina majuto ambayo nahau ya Kiingereza haina. Ama "kufungua ukurasa mpya", hiyo haifai kabisa: hubeba msamaha na mwanzo mwema, hivyo mtafsiri anayeitumia humgeuza mwasi kuwa mtubu. Kwa msomaji asiyemjua Caesar, "amejikatia njia ya kurudi" hutosha bila tanbihi.